Picha Nzuri, Kidole Hakiinuki

"Kaka, hebu vuta kidole gumba cha mguu kije upande wako."

"Nimevuta, sista."

Kidole hakijasogea.

Ni asubuhi ya kwanza baada ya upasuaji. Dereva wa bodaboda amelala chali, mguu wa kulia umeegemezwa kwenye mto. Kwenye kisanduku cha taa ukutani kuna picha ya eksirei ambayo daktari yeyote wa mifupa angeifurahia: fupanyonga limerudi mahali pake, bamba limekaa vizuri mbele, skrubu mbili zimepita nyuma. Kila anayeingia wodini anaitazama picha hiyo na kusema kazi imetoka safi. Nesi ndiye wa kwanza kuutazama mguu.

Faili linafunguliwa kutafuta jambo moja tu. Kabla hajaingia thieta, kidole hiki kilikuwa kinainuka?

Hakuna aliyeandika.

Ukurasa huo mtupu umenisumbua kwa wiki kadhaa. Kama kidole kilikuwa kimelegea tangu pale barabarani, huenda kazi iliyobaki ni kuutunza mguu na kuisubiri neva. Kama jana kilikuwa kinainuka, basi huenda skrubu imelala juu ya mzizi wa neva, na mgonjwa anatakiwa kupigwa picha ya CT leo hii ili ikithibitika itolewe haraka. Njia hizo mbili ni tofauti kabisa, na sentensi ambayo ingemwambia daktari ashike ipi haipo.

Kadiri ninavyolifikiria, ndivyo ninavyoona kwamba mengi tunayoyaita madhara ya upasuaji wa nyonga hayaanzii kwenye kisu. Neva imeshavutwa, damu imeshaganda, ngozi imeshabanduka, njia ya mkojo imeshachanika. Upasuaji unayakuta, na usipoyajua unayaongeza.

Dakika tano za kitandani

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mashine. Kuvuta kidole gumba na wayo kuja juu kunapima L5, mzizi wa neva unaotoka kwenye pingili ya tano ya kiuno, na tawi la peronea la siatiki, neva kubwa inayopita nyuma ya paja. Kusukuma wayo chini kunapima S1, mzizi wa kwanza wa sakramu (mfupa wa nyuma wa fupanyonga, chini ya kiuno), na tawi la tibia la siatiki hiyohiyo. Kunyoosha goti ni neva ya femora. Kubana mapaja pamoja ni neva ya obturata. Baada ya hapo unagusa ngozi: katikati ya kidole gumba na cha pili, ukingo wa nje wa wayo, upande wa nje wa paja, na sehemu inayokaa kwenye tandiko mtu anapopanda pikipiki.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa, kwa sababu ya haya. Lakini mizizi ya S2 hadi S4, inayoendesha kibofu, haja kubwa na tendo la ndoa, haipimwi kwingine. Kidole chenye glavu kwenye njia ya haja kubwa, mgonjwa aambiwe abane. Kwa mwanamke uke nao uchunguzwe, maana mfupa ukiwa umetoboa ukuta wake, mvunjiko huo ni wa wazi hata kama nje ngozi haina mkwaruzo.

Nguvu ya kila msuli inaandikwa kwa namba, 0 hadi 5, pamoja na saa. 1 ni msuli unaotikisika tu bila kusogeza kitu. 3 ni ule unaoweza kuinua kiungo bila kusaidiwa. "Neva ziko sawa" haimsaidii mtu yeyote keshokutwa. Na kama mgonjwa yuko kwenye mashine ya kupumulia na haelewi maagizo, andika kwamba hakuweza kupimwa. Hayo pia ni maelezo.

Kwa nini nalikazania hili? Utafiti wa Denis na wenzake wa mwaka 1988, ambao hadi leo ndio tunaoutumia kugawa mivunjiko ya sakramu, ulionyesha kuwa mvunjiko ukipita nje ya matundu ya neva, takriban asilimia 6 ya wagonjwa walikuwa na madhara ya neva. Ukipita kwenye matundu yenyewe, asilimia 28. Ukiingia katikati, kwenye mfereji wa uti, asilimia 57. Hayo yanatokana na ajali.

Njia nyembamba ya skrubu

Skrubu inayofunga nyuma ya fupanyonga huingia kupitia kipande kidogo cha ngozi ya nje ya kiuno, inatoboa iliaki, yaani mfupa mpana wa ubavuni mwa fupanyonga, inavuka kiungo kinachouunganisha na sakramu na kuishia ndani ya pingili ya kwanza ya sakramu. Jeraha ni la sentimita moja au mbili. Ndugu wakiliona wanashukuru kwamba upasuaji ulikuwa mdogo.

Huko ndani si jambo dogo. Mbele ya bawa la sakramu unapita mzizi wa L5. Chini ya njia ya skrubu kuna tundu la S1. Nyuma kuna mfereji wa uti. Mwelekeo ukikosewa kwa nyuzi 4 tu, ncha inaweza kutokea mbele au kuingia kwenye tundu la neva.

Daktari haoni mfupa. Anaona vivuli vya C-arm, mashine ya eksirei inayozungushwa mezani, kwa pembe tatu: mashine ikiwa imeelekezwa kuonyesha mlango wa juu wa nyonga, ambapo anahakikisha ncha haijatoka mbele wala nyuma, ikionyesha mlango wa chini, ambapo anaona kama iko juu ya tundu la S1, na picha ya ubavu wa sakramu, ambapo waya wa kuongozea unatakiwa kukaa chini na nyuma ya mstari mweupe unaoashiria mteremko wa bawa. Waya wa milimita 2.8 ukikaa sawa katika picha zote tatu, ndipo skrubu ya milimita 7.3 inapita juu yake. Picha mbili nzuri na moja ya kubahatisha hazitoshi.

Yanayoharibu hapa yanajulikana. Gesi tumboni, hasa kwa mgonjwa ambaye utumbo umelala tangu ajali, inafunika matundu ya neva yasionekane. Unene unafifisha picha ya ubavu. Mvunjiko ambao haujarudishwa sawasawa unapunguza upana wa njia yenyewe. Kisha kuna watu waliozaliwa na sakramu ya umbo tofauti: bawa lina mteremko mkali, matundu si ya duara, na sehemu ya juu ya sakramu inalingana na vilele vya mifupa ya iliaki badala ya kukaa chini yake. Kwa hao skrubu ya kulala moja kwa moja kwenye S1 haina nafasi. Inabidi iende kwa mshazari, au ihamie S2. Haya yote yanasomwa kwenye CT kabla ya siku ya upasuaji, na anayeyagundulia mezani amechelewa.

Kuna kosa jingine ambalo halihusu mwelekeo. Mvunjiko uliopita kwenye matundu ya neva ukikazwa kwa skrubu yenye meno nchani tu, vipande vinasogezwa na kubanana, na mzizi wa neva unabaki katikati. Hapo inafaa skrubu yenye meno urefu wote, ambayo inashikilia bila kukamua.

Ndiyo maana kidole gumba kinapimwa mgonjwa akiamka tu, kabla hata hajarudishwa wodini. Kama kimelegea, jaribu kumwambia ageuze wayo kuelekea ndani na atanue paja kwenda nje. Vikishindwa vyote, shuku L5, yaani skrubu. Vikibaki na nguvu huku wayo haupandi, shuku tawi la peronea, yaani siatiki nyuma ya paja.

Siatiki na chuma cha kushikilia

Kikombe cha nyonga, tundu linalopokea kichwa cha mfupa wa paja, kikivunjika ukuta wa nyuma, njia ya kawaida ya kukifikia ni ile yenye majina ya madaktari Kocher na Langenbeck, kupitia makalio. Siatiki inakuwa wazi machoni pa kila mtu, na bado inaumia.

Inaumia kwa kuvutwa. Chuma cha kushikilia nyama kinawekwa kwenye kijino cha mfupa, msaidizi anachoka, anakiegemea, na hakuna anayeona kwa sababu macho yote yako kwenye mvunjiko. Kinga ni goti kukunjwa nyuzi 90 na nyonga kunyooshwa kwa muda wote wa upasuaji, ili neva ilegee. Mtu mmoja apewe kazi ya kulitazama goti, maana linanyooka polepole kila mguu unapovutwa. Chuma kilegezwe kila baada ya muda.

Msuli wa pirifomisi na ule wa obturata ya ndani hukatwa sentimita moja na nusu kutoka unaposhika kwenye paja. Wakikata karibu zaidi, au wakigusa msuli wa kwadrato ya paja, wanaweza kuharibu ateri inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, na mfupa huo ukafa taratibu katika miezi inayofuata. Mgonjwa atarudi na maumivu ya kinena wakati kila mtu ameshasahau.

Neva iliyoumia huota takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka makalioni hadi misuli ya mbele ya muundi ni karibu nusu mita. Piga hesabu: zaidi ya mwaka. Mgonjwa aambiwe hivyo mapema, na avalishwe kifaa cha kushika wayo kwa nyuzi 90 tangu siku ya kwanza. Neva ikirudi na kukuta kano ya kisigino imeshajikunja, bado hatatembea vizuri.

Damu inayomwagika, damu inayoganda

Kuhusu kumwagika sitasema sana, kwa sababu kila thieta inaiogopa. Unapofanya kazi mbele, nyuma ya mfupa wa kinena, takriban sentimita 6 kutoka kiungo cha katikati, hutafutwa mshipa unaounganisha mfumo wa obturata na ule wa iliaki ya nje. Wakongwe waliuita taji la kifo. Ukikatwa bila kufungwa unarudi ndani ya tundu la obturata na kuendelea kumwaga huko usikofika. Unatafutwa, unafungwa pande mbili, ndipo unakatwa. Chupa za damu ziwe tayari zimeoanishwa kabla ya kisu. Ahadi ya ndugu kwamba wanakuja kuchangia isihesabiwe kuwa damu.

Kuganda ndiko kunakoua kimyakimya.

Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 1994, uliopima majeruhi wasiopewa dawa ya kinga, ulikuta mabonge ya damu kwenye mishipa ya miguu ya asilimia 61 ya waliovunjika fupanyonga. Wengi wao hawakuwa na dalili yoyote.

Sasa mfikirie aliyelala hospitali ya wilaya siku tisa akisubiri rufaa, kisha siku tano nyingine akisubiri vyuma vinunuliwe. Kama hakuna aliyeanza kumchoma inoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, bonge linaweza kuwa limeshajijenga. Siku ya upasuaji mguu unavutwa na kuzungushwa, bonge linakatika, linapanda hadi kwenye mapafu. Ripoti itasema alifariki akiwa thieta.

Kipimo kinachotumika mara nyingi ni miligramu 40 chini ya ngozi mara moja kwa siku, kikianza mara tu uvujaji unapodhibitiwa, kwa kawaida ndani ya saa 24 hadi 48. Mgonjwa wa figo anahitaji hesabu nyingine. Sindano ya mwisho iwe angalau saa 12 kabla ya ganzi ya mgongo. Aliyechelewa bila kinga apigwe ultrasaundi ya mishipa kwanza, ingawa mishipa ya ndani ya fupanyonga haionekani vizuri kwa kipimo hicho, na majibu safi hayamalizi wasiwasi. Baada ya upasuaji dawa huendelea wiki kadhaa, na hapa ndipo inapokatika: mgonjwa anaruhusiwa, sindano zinagharimu, nyumbani hakuna wa kumchoma. Mpango wa dawa ya kumeza upangwe kabla hajapewa karatasi ya kuruhusiwa.

Ngozi isiyoonyesha

Juu ya mfupa wa nje wa paja, pale mgonjwa alipoburuzwa kwenye lami, ngozi inaweza kuonekana nzima, yenye michubuko kidogo tu. Ibonyeze. Ikisogea kupita kawaida, ikicheza juu ya majimaji, chini yake imebanduka kutoka kwenye nyama na uwazi umejaa damu na mafuta yaliyokufa. Kidonda hiki kina jina la daktari Mfaransa wa karne ya 19, Morel-Lavallée. Majimaji yake mara nyingi yana bakteria hata pasipo na tundu.

Kukata katikati yake na kuweka bamba chini ni kualika usaha. Kisafishwe kwanza, kiwekwe mrija wa kutoa majimaji, na njia ya upasuaji ichaguliwe upya. Majimaji yakizidi mililita 50 ukiyavuta kwa sindano, tarajia yarudi. Kuendelea kuyavuta kila wiki ni kupoteza muda.

Mkojo nao. Damu ikionekana kwenye tundu la uume, mpira wa mkojo usisukumwe kwa nguvu. Urethra, yaani njia ya kutolea mkojo, ipigwe picha kwanza kwa dawa ya rangi. Wengi huishia kutobolewa tundu la mkojo chini ya kitovu, na tundu hilo mara nyingi liko mahali hasa ambapo bamba la kinena litawekwa. Daktari wa mifupa na wa njia ya mkojo wakipangia pamoja, tundu linasogezwa juu na pembeni. Wasipozungumza, bamba linaogeshwa na mkojo.

Antibayotiki ya kinga, sefazolini gramu 2, iingie ndani ya dakika 60 kabla ya kukata, irudiwe upasuaji ukivuka saa 4. Seftriaksoni siku saba baadaye hairudishi dozi iliyokosekana kabla.

Siku ya 21

Émile Letournel, aliyejenga pamoja na Robert Judet huko Paris mfumo ambao bado tunautumia kuainisha mivunjiko ya kikombe cha nyonga, aliweka mpaka kwenye wiki tatu. Kabla ya hapo vipande bado vinatambulika. Baadaye mfupa mchanga umejaza nyufa, kovu limeifunga siatiki, na kila kipande kinahitaji kubanduliwa. Damu inaongezeka, saa zinaongezeka, na mpangilio unakuwa duni.

Uduni huo unapimwa kwa milimita. Mwachano wa 0 hadi 1 ni urekebishaji kamili. 2 hadi 3 una kasoro. Zaidi ya 3 ni mbaya, na uwezekano wa kiungo kusagika katika miaka inayofuata unapanda.

Hivyo nimebaki na shaka juu ya wagonjwa wa wiki ya tano na ya sita. Kijana ambaye kichwa cha paja kinatoka nje ya kikombe, nadhani anastahili kujaribiwa na mwenye uzoefu, akijua hatari zake. Mzee ambaye mfupa umeshaanza kuunga na kiungo kimekaa karibu na mahali pake, mara nyingi ni bora kumwacha aunge, kisha abadilishiwe nyonga baadaye kama maumivu yatadai. Kukataa kupasua ni uamuzi wa kitaalamu kama ulivyo kupasua, ila familia iliyochangishana fedha haipendi kuusikia, na daktari kijana anaona kama ameshindwa.

Shaka ya pili inahusu indometasini, dawa ya maumivu na uvimbe. Baada ya upasuaji wa nyuma, mfupa unaweza kuota ndani ya misuli, na daktari Brooker aliugawa kwa madaraja manne mwaka 1973; la nne, kiungo kimefungwa kabisa. Miligramu 25 mara tatu kwa siku kwa wiki 6 ndiyo kinga iliyozoeleka. Lakini dawa hiyohiyo inachubua tumbo, inasumbua figo, na inaweza kuzuia mifupa iliyovunjika kuunga. Kukata na kuondoa nyama iliyokufa ya gluteo ndogo, msuli wa ndani wa makalio, kabla ya kushona ni kinga isiyo na bei hiyo. Naona inapewa nafasi ndogo mno.

Bamba lililokatika na choo cha kuchuchumaa

Kiungo cha kinena kwa asili kinacheza kidogo. Bamba linakizuia, na baada ya miezi mingi ya kutembea skrubu zinalegea au bamba linakatika. Hapo picha inatisha huku mtu anatembea bila maumivu. Aachwe. Lakini bamba likikatika katika wiki za mwanzo, usikimbilie kuweka nene zaidi. Tazama nyuma, kwenye sakramu, kwa sababu huenda huko hakukufungwa inavyotakiwa.

Kwa mvunjiko usio imara nyuma, mguu huo unagusa tu chini kwa wiki 8 hadi 12, uzito usizidi kilo 10 hadi 15. Hakuna anayejua kilo 15 zikoje mguuni mpaka akanyage mizani ya bafuni. Na aliyetengenezwa ukuta wa nyuma wa kikombe haruhusiwi kukunja nyonga kupita nyuzi 90 kwa wiki 6. Lakini nyumbani kwake choo ni cha kuchuchumaa. Ulizeni hilo kabla hajatoka. Kiti chenye tundu kinachongwa na seremala yeyote.

Yanayoulizwa mlangoni

Mgonjwa ameshaaga, ameshashika magongo, ndipo anageuka.

Mwanaume anauliza kama atakuwa mwanaume tena. Waliochanika urethra au kupasuka vibaya mbele wana hatari kubwa ya nguvu za kiume kupungua. Wengine hupata nafuu katika miezi kadhaa, na zipo dawa za kumeza zinazosaidia baadhi yao. Ajue pia kwamba ajali yenyewe, mara nyingi kabla ya kisu, ndiyo iliyoharibu neva na mishipa hiyo. Apelekwe kwa daktari wa njia ya mkojo mapema, bila kusubiri aombe mara ya pili.

Mwanamke anauliza maumivu ya tendo la ndoa, au kama atazaa. Mwachano uliobaki wa milimita 5 au zaidi umehusishwa na maumivu hayo na shida za mkojo, kwa hiyo akilalamika apigwe picha, asiambiwe avumilie. Ama kuzaa, bamba la kinena au skrubu za nyuma peke yake si sababu ya kumpasua. Wapo wanaojifungua kawaida wakiwa nazo. Wengine hupasuliwa kwa sababu tu mkunga ameona kovu na hana karatasi yoyote inayoeleza kilichopo ndani. Barua ya kliniki ya wajawazito iwe na aina ya mvunjiko, vyuma vilivyowekwa na mahali vilipo, picha ya mwisho inayoonyesha umbo la njia ya uzazi, na kama kibofu au urethra viliwahi kushonwa.